Ngoma Isiyoingia Kwenye Nta

Baba yetu, Shemasi Hosea Pettway, alikubali kuhama Mississippi na kuja kuishi nasi Chicago kwa sharti moja: asiombwe hata siku moja kwenda kwenye kilabu tunakopiga muziki. Alisema hatakanyaga mahali ambapo pombe inauzwa kwa kificho na watoto wa watu wanacheza wamekumbatiana. Hatukubishana naye. Kila jioni tulimwachia kunde zake na mkate wa mahindi, tukatoka, mimi kwenye piano, kaka yangu Alonzo kwenye ngoma.

Mimi alinivumilia, kwa kuwa piano nilijifunzia kanisani. Alonzo ndiye aliyemchoma moyo. Alikuwa ameacha kazi ya machinjioni, kazi ambayo wanaume wengi wa kwetu kusini walipanda treni kuifuata, ili akapige ngoma. Wageni wakiuliza habari za watoto, Baba aliwaambia mmoja anapiga piano na mwingine anagonga masufuria.

Kisha kiongozi wa bendi yetu, Bwana Guidry mpiga tarumbeta, akatuletea habari kwamba tunaitwa kurekodi santuri. Wakati huo santuri za watu weusi zilikuwa zimeanza kutoka, na watu wa mtaani kwetu walizinunua hata kabla ya makaa ya kupashia nyumba joto. Alonzo alifurahi kuliko sote, nami nilijua kwa nini. Baba hawezi kuja kilabuni, lakini santuri inaweza kuja nyumbani. Alonzo alimwambia Baba jioni ileile kwamba sasa atamsikia akiwa amekaa kwenye kiti chake mwenyewe. Baba akajibu kuwa masufuria ni masufuria, hata uyasikilizie kwenye kiti.

Tulisafiri kwa treni mpaka mji mdogo wa Indiana. Chumba cha kurekodia kilikuwa kimetundikwa mazulia ukutani, na katikati ya ukuta lilichomoza bomba la bati lenye mdomo mpana. Nyuma yake, chumba cha pili, sindano ilichora sauti zetu kwenye sahani ya nta. Fundi, mzungu mpole mwenye mafua, alitupanga: klarineti karibu na bomba, tarumbeta mbali kabisa. Alonzo alipopiga ngoma kubwa mara moja tu, sindano iliruka na nta ikaharibika. Akasogezwa mlangoni. Sindano ikaruka tena. Ngoma ndogo nayo ikatoa sauti kama kunde zinazomwagwa sakafuni. Fundi akapenga kamasi, akasema bila ukali kwamba ngoma zitoke.

"Leo pumzika, ndugu yangu," Bwana Guidry alimwambia, na Alonzo akatoka.

Tukapiga bila yeye, tukasambaratika. Tulianza pamoja vizuri, lakini kabla ya katikati Orville wa tromboni alikuwa ameshatutangulia.

"Wewe, unafukuzwa na nani?" Bwana Guidry akamuuliza.

"Na piano ya Idella," akasema Orville. "Inanikanyaga visigino."

Tuliharibu nta nyingine. Hapo Alonzo akarudi mikono mitupu, akamwomba fundi ruhusa ya kusimama kando ya bomba. Fundi akasema asimame hata kwa kichwa, mradi asitoe sauti. Alonzo akavua viatu. Akaanza kupiga hewa, mabega na viganja vikienda kama kilabuni, na sisi tukamtazama yeye. Palipotakiwa bendi nzima inyamaze, alikunja ngumi, tukanyamaza. Alipoifungua, tuliingia.

Njiani kurudi, taa za Chicago zilipoonekana, Alonzo alinigeukia. "Nimeenda mpaka Indiana kucheza kama bubu," akasema. "Sasa nitamwambia nini mzee?"

Nilikuwa nimeamini, na bado naamini, kwamba mashine zile zingebeba sauti zetu mpaka kwenye nyumba ambazo sisi wenyewe tusingekaribishwa. Sikuwa nimefikiria kwamba mashine nayo ina watu inaowaacha nje.

Santuri ilipotoka, jirani yetu wa chini, Bi Cordelia, alitupandishia gramafoni yake. Baba alisikiliza kama anavyomsikiliza mhubiri mgeni, mikono magotini, bila kutikisa kichwa. Ilipokwisha, akauliza mbona masufuria hayasikiki.

Bi Cordelia alicheka, kisha akaona nyuso zetu, akaacha. Alonzo angeweza kusingizia gramafoni. Badala yake alieleza kila kitu: sindano, nta, viatu.

"Kwa hiyo wewe humo," Baba akasema.

"Simo, Baba."

Kisha Baba akainuka, akazungusha mpini wa gramafoni mwenyewe, akairudisha sindano mwanzo. Alisikiliza akiwa amesimama, na bendi iliponyamaza na kuingia tena, akanyanyua kidole.

"Hapa. Mimi nimeongoza nyimbo kanisani bila kinanda tangu nyinyi hamjazaliwa. Najua watu wakishanyamaza wanavyopotezana. Hawa wameingia kama mtu mmoja. Nani aliwaingiza?"

"Mimi," Alonzo akasema. Ilikuwa sauti ndogo kwa mwanamume mkubwa kama yeye.

"Kwa kitu gani?"

"Kwa mkono tu, Baba. Nilikuwa nawaonyesha."

Baba akavuta kiti chake na kukigeuza, mgongo kwa gramafoni. "Idella, weka tena," akaniambia. "Na wewe simama hapa mbele, nione."

Alonzo alivua viatu, ingawa nyumbani kwetu haikuwa lazima. Muziki ukaanza. Nilimwona Baba akifuata yale mabega, uso wake haujafurahi wala haujakasirika. Ngumi ilipokunjwa, chumba kizima kilinyamaza, na Baba, mikono magotini, akazuia pumzi akingoja ifunguliwe.