Saini ya Marehemu

Siku kaka mtu alipokufa, saa nne asubuhi, injini ya lori ilikuwa inaning'inia kwenye winchi ya karakana. Mkanda wa kuinulia ulikuwa mrefu, wakaupiga fundo ufupike, kama walivyozoea wote pale. Ukakatika penye fundo. Yeye alikuwa chini ya injini, ameinama kuweka sawa gogo la kuikalishia.

Mdogo wake wa kike, fundi wa kuchomelea hapohapo, alirudi kazini baada ya wiki tatu, akakuta mafunzo yametangazwa: matumizi salama ya vifaa vya kuinulia, kwa wanaoanza. Wanaoanza, watu wenye miaka kumi chini ya winchi ile. Akauma meno, akakaa mbele.

Mkufunzi, mama mmoja aliyeletwa kutoka nje, hakuwa na maneno mengi. Aliwaonyesha kusoma uzito kwenye lebo ya mkanda, kukagua ndoano kama imepanuka, na kutopita chini ya mzigo hata kwa kufumba na kufumbua. Kisha akasema fundo hula karibu nusu ya nguvu ya mkanda. Ukiwa mrefu, tafuta mfupi. Fundi mkongwe waliyemwita Spana akanong'ona kwamba huo mfupi wameuomba tangu kipara chake kilipokuwa na nywele. Wenzake wakacheka. Dada mtu hakucheka. Aliyewafundisha lile fundo alikuwa msimamizi wao, na sasa alikuwa amesimama pembeni, mikono mfukoni, anaitikia kila neno.

Mwishoni likapitishwa daftari la mahudhurio. Dada mtu akafunua ukurasa wa nyuma: mafunzo yaleyale, tarehe ya miezi miwili nyuma, majina kumi na moja. La nne lilikuwa la kaka yake. Kaka yake aliandika kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala kama nyasi zilizokanyagwa. Saini hii ilisimama wima kama askari.

Akamwonyesha Spana. Spana akajiona na yeye yumo, wakati siku hiyo hapakuwa na mafunzo yoyote.

Dada mtu akaelewa. Walitaka kumzika kaka yake mara ya pili, safari hii kama mzembe aliyefundishwa akakaidi.

Msimamizi akasogea. "Mwanangu, hiyo ni karatasi tu. Weka saini, watu wakale."

"Mimi si mwanao. Marehemu alijifunza lini?"

"Tusiaibishane mbele ya mgeni, dada yangu."

"Aibu umeileta wewe na kalamu yako. Kaka yangu ulimfundisha fundo, tena kwa mikono yako hiyo. Mbona hilo hukuliandika?"

Msimamizi akanyoosha mkono achukue daftari. Spana akajitia katikati, wengine wakasimama nyuma yake, na dada mtu akampa mkufunzi. Mama yule akausoma ukurasa taratibu, bila kukunja uso, akalitia daftari mkobani.

Uchunguzi wa kifo unasikilizwa mahakamani Alhamisi. Dada mtu ni shahidi wa kwanza.