Aliyembatiza Limbu

Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, katika kanisa dogo la Kibaptisti nje kidogo ya mji wa Tabora, sinia ya mkate wa Meza ya Bwana ilimpita Bibi Imakulata kana kwamba kiti chake kilikuwa kitupu. Aliyeibeba ni mkwewe, Shemasi Tobias. Advera, mke wa Tobias na binti wa bibi huyo, aliona kwa macho yake.

Mambo yalianza alipohamia Mchungaji Anton. Alikuwa na sauti nzuri, na watu walimpenda. Alifundisha kwamba Wabaptisti hawakuanzishwa na mtu yeyote: wametoka Mto Yordani, mbatizaji kwa mbatizaji, wala mnyororo huo haujakatika hata siku moja. Ubatizo wa Wakatoliki na Wamoravian, alisema, ni kulowana tu. Mwalimu mmoja wa sekondari alisimama akasema amesoma kwamba Wabaptisti walianzia Ulaya, yapata miaka mia nne iliyopita.

"Kaa chini, mwalimu! Kwani ulikuwepo?" walimzomea.

"Na ninyi Yordani mlikuwepo?"

Watu walicheka. Mchungaji hakucheka. Alitaka mnyororo huo uandikwe ukutani, kutoka Yordani mpaka Tabora, kabla ya wageni wa sikukuu ya kanisa kufika. Hapo ndipo kazi ilipokwama. Kila muumini wa pale alibatizwa na marehemu Limbu, mwanzilishi wa kanisa hilo, au na mtu aliyebatizwa na Limbu. Je, Limbu mwenyewe alibatizwa na nani?

Advera alilijua jibu tangu utotoni, kwa kuwa Limbu alikuwa baba yake na kisa hicho kilikuwa kichekesho cha nyumbani. Limbu alikuwa Mmoravian, mchunga ng'ombe wa Choma. Alisoma Biblia peke yake, akaamini kwamba mtu mzima sharti azamishwe majini. Alipokosa wa kumzamisha, aliingia lamboni ng'ombe wakinywa, akajizamisha mwenyewe. Imakulata, mkewe kijana, alisimama ukingoni amemshikia shati. Limbu alipoibuka, alimwita naye aingie.

"Mama Eliya," Tobias alisema jioni moja wakila, "mchungaji anasema kulikuwa na mpagazi aliyekuja na imani yetu kutoka pwani, enzi za misafara. Alizeekea Kwihara. Huyo ndiye aliyembatiza mzee."

"Amejuaje?"

"Ni lazima alikuwepo. Kama hakuwepo, sisi sote ni nini?"

"Huyo mpagazi ana jina?"

"Mama atalitaja. Kaongee naye."

Advera alimfikishia mama yake maneno hayo bila kuongeza wala kupunguza. Bibi alicheka mpaka akakohoa. "Walioshuhudia ni mimi na ng'ombe," alisema. "Mimi wakinikataa, wakawaulize ng'ombe."

Jumapili ile mchungaji alimwita mbele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Waambie watu, mzee Limbu alibatizwa na nani?"

"Alijibatiza, lamboni, kule Choma."

Minong'ono ilizagaa. Mchungaji alitabasamu kwa huruma. "Bibi, umri umekwenda. Yule mpagazi wa Kwihara umemsahau?"

"Sijamsahau, mwanangu. Sikumjua. Mume wangu aliogopa uongo kuliko maji, na kuogelea alikuwa hajui."

Hapo tabasamu la mchungaji lilikauka. Alitangaza kwamba anayeukana mnyororo amejitoa ndani yake, na aliyejitoa hana sehemu mezani. Bibi Imakulata, ambaye hakuwahi kukosa meza hiyo tangu ujana wake, alirudi kwenye kiti akakunja mikono. Sinia ikampita.

Advera alisimama, akamzibia mumewe njia.

"Baba Eliya, aliyekuzamisha wewe ni mume wa huyu unayemruka."

"Usinitie aibu, mke wangu. Kaa."

Wazee waliobatizwa na Limbu kwa mikono yake waliinamisha vichwa. Advera alirudisha kipande chake cha mkate katika sinia, akamshika mama yake mkono, wakatoka. Nyuma yao wimbo ulianzishwa kwa nguvu, kama wa kufukuza wadudu shambani.

Leo mpagazi yuko ukutani, amechorwa na mzigo kichwani, na jina amepewa. Wageni wa sikukuu walipiga naye picha. Imakulata anasali chumbani kwake, na hakuna anayempelekea mkate. Tobias anaandaliwa chakula kwa wakati; mazungumzo haandaliwi.

Wewe uliyesoma haya, usibaki nayo. Msimulie mwingine, hasa akiwa ni wa kanisa lile, naye amsimulie wa kwao. Fanyeni hima, kwani aliyeyaona amebaki mmoja, na sasa anaitwa mwongo.