Kaburi la Nyuma ya Ghala

Mgodi wa makaa ya mawe umekula shamba letu, umekula kanisa, na Jumatatu ulikuwa uile nyumba. Kwa hiyo Ijumaa akaja bwana mmoja wa mgodini na fomu zake: kila familia ya kijiji chetu, Mokrzec, itaje wafu wake, wahamishwe. Asiyetajwa atazolewa na mashine pamoja na udongo.

Kaka yangu Walenty akamkalisha jikoni, akamjazia bakuli la supu, akaanza. Ukimwachia Walenty historia, utazeekea hapo kitini. Waswidi walituchoma moto, tukajenga upya. Bwana mwenye ardhi akamchapa babu wa babu yetu mpaka roho ikatoka, kisa gunia la ngano. Wakaja Warusi, wakaswaga vijana saba kwa minyororo hadi Siberia. Wakaja Wajerumani.

"Sisi, bwana, tumeonewa na kila mtu," akasema, kifua mbele. "Hatujawahi kumwonea yeyote."

Mimi niliendelea kukata mkate.

Mgeni akachungulia dirishani. "Na pale nyuma ya ghala? Majirani wanasema mama yenu alikuwa akiwasha mshumaa pale kila Siku ya Watakatifu Wote."

"Wafu wa kipindupindu hao," Walenty akadakia. "Mambo ya miaka mia na hamsini. Hawana ndugu hao. Andika hakuna."

Mgeni akashika kalamu.

"Usiandike," nikasema.

"Genia, hebu funga domo lako!"

"Nimelifunga miaka sitini, Walenty. Nimechoka."

"Utamchafua baba kaburini kwa ajili ya nani? Nani atakuja kuwaulizia?"

"Hakuna. Ndiyo maana nasema mimi."

Nikamwambia mgeni: pale wamelala watu wanne. Szmul fundi cherehani, mkewe Gitla, na binti zao Fajga na Rywka. Wayahudi. Mama aliwaficha darini mwa ghala majira yote ya baridi bila baba kujua, maana Wajerumani walikuwa wakiua nyumba nzima kwa kosa hilo. Baba alipojua, akawaua kwa shoka, mchana kweupe. Woga tu, hakuna kingine. Walenty alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alishikishwa sepetu, akachimba.

Kaka yangu akalaza kichwa juu ya meza, mzee mzima, akalia kwa sauti. Sikumbembeleza. Mgeni akaandika majina manne polepole, akiniuliza kila herufi.

"Baba yenu alijuaje?" akauliza.

Swali hilo mama hakuniuliza mpaka anakufa. Alikuwa akinituma mimi niwapandishie maziwa, nina miaka sita.

"Mezani," nikasema. "Nilimwambia, baba, naomba kipande kingine cha mkate. Cha Rywka ni kidogo."