Kizingiti Kilichoinama

Jumba lile la Sydney lilijengwa kwa kuiga majumba ya mashambani ya matajiri wa Kiingereza: nguzo nne mbele, ngazi ya mbao inayozunguka, vyumba ishirini na viwili. Mize alitaka kazi ya kuwatembeza wageni humo. Kwa miezi minane, kila Jumapili, alipanda treni kutoka mtaani kwake Lidcombe, akapima kuta kwa utepe na kuandika daftarini.

"Jumba hilo ndilo mume wako mpya?" mumewe Mudrik alimtania.

Siku ya usaili, Bi Harriet, msimamizi, aliuliza, "Sehemu ipi ilijengwa kwanza?"

"Jiko."

"Kitabu chetu kinasema ukumbi wa mbele."

"Nimekisoma, bibi. Tafadhali nifuate."

Kati ya jiko na ukumbi palikuwa na korido, na kwenye ukuta wa jiko dirisha la zamani. Mize aliweka penseli juu ya kizingiti chake. Ikabingirika, ikaangukia koridoni.

"Kizingiti kimeinamishwa ili kumwaga maji ya mvua," alisema. "Humu ndani mvua itoke wapi? Hapa palikuwa nje. Ukumbi ulikuja baadaye."

Bi Harriet aliiokota penseli, akairudisha kizingitini. Ikaanguka tena.

"Na mimi miaka yote namlaumu paka kwa kuangusha vyombo vyangu vya maua hapa!" alicheka. "Anza Jumamosi. Uwaambie wageni kitabu kimekosea."

"Nitawaonyesha penseli," Mize alisema. "Wataamua wenyewe."