Gome la Vidole Viwili

Shambani wananiita Mzee Kisu. Wenzangu hutania kwamba nikikohoa tu, gome la mchungwa hubanduka lenyewe. Miaka thelathini nimebandua magome kwenye miti ya watu na sijaua hata tawi moja. Mti niliokuja kuua ni wangu mwenyewe, tena kwa mapenzi.

Kazi yenyewe ni hii. Maji hupanda kutoka mizizini kupitia ndani ya mti. Sukari inayotengenezwa na majani hushuka kupitia gome, ikalishe mizizi. Ukilizungushia kisu tawi, ukaondoa ukanda wa gome mwembamba kama njiti ya kiberiti, sukari hukwama juu na kuingia kwenye matunda. Baada ya wiki chache kidonda hufunga, mizizi inakula tena.

Mchungwa wa uani aliupanda marehemu mke wangu, wiki ile aliyomzaa binti yetu. Binti aliondoka miaka sita iliyopita, na mama yake alipofariki hakuwahi mazishi. Nyumba imekuwa kimya hadi naijibu redio. Mwaka huu akapiga simu: "Baba, machungwa yakiiva nakuja. Uniwekee!"

Nikapagawa. Sikuhangaika na tawi. Kisu nilikizungusha kwenye shina, upana wa vidole viwili. Nilitaka sukari yote ibaki juu, asikutane na chungwa chachu hata moja. Angekuwa mtu mwingine kafanya vile, ningemtukana.

Machungwa yakanenepa kweli. La kwanza nililila nimesimama palepale, na utamu wake ukanitoa machozi. Majani yalikuwa bado ya kijani, maana maji yalikuwa yakipanda. Ila kidonda hakikufunga. Jana nikachimbua kidogo chini ya shina. Mizizi midogo ilikuwa myeusi, ikakatika mkononi kama uzi uliooza. Imekufa njaa, na mimi ndiye niliyeinyima.

Nilikuwa bado nimechuchumaa pale simu ilipolia.

"Baba, kazini wameninyima ruhusa. Usinune, bwana. Mchungwa wa mama si upo? Mwakani nakuja, lazima."

"Upo," nikasema. "Majani yake mazuri sana."

"Na yaliyoiva?"

"Nitawagawia majirani."

"Haya. Na wewe, baba, unakula lakini?"

Nikautazama ule mzizi mkononi.

"Nakula, mwanangu. Nakula vizuri."