Shikamoo ya Lidwina

Devota alijipalia makaa mwenyewe, tena kwa adabu. Shule ya jirani pale Matogoro ilishamkataa bintiye Lidwina: hatulii, hajibu, kengele ikilia anapiga mayowe. Likabaki darasa la watoto wenye usonji mjini, nako huingii mpaka mtoto apimwe, aonekane anastahili. Sasa, mama gani wa Kingoni atampeleka mbele ya mkubwa mwana asiyejua kuamkia? Msimu mzima wa mvua Devota alimfundisha neno moja tu, akipalilia mahindi, akikoroga uji, mpaka sauti ikamkauka.

Jamani, siku ya siku mtoto akalitoa! Alipoingia tu chumba cha kupimiwa: "Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu!" Mwalimu Romanus, mzee aliyekuwa akipima watoto, akaweka kalamu chini. "Mama Lidwina, huyu hana usonji. Umemdekeza tu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mrudishe shule ya kawaida."

Amrudishe! Kwa nani? Akinyamaza, anarudi nyumbani na mtoto mwenye adabu asiye na shule. Akisema, anamwanika mwanawe mbele ya mgeni. Devota alitamani kukaa chini sakafuni alale.

"Samahani, Mwalimu. Mwangalie kidogo tu."

Lidwina akazunguka chumba. "Shikamoo," akakiambia kiti. "Shikamoo," akaliambia kabati. Ikafuata ndoo ya maji, likafuata dirisha, vikafuata viatu vya Mwalimu. Mwalimu mwenyewe, Lidwina hakumtazama hata mara moja. Tabasamu likamwisha mzee.

"Hana neno lingine," Devota alisema, machozi yakimlengalenga. "Nilimfundisha asinitie aibu. Sasa akiwa na njaa, shikamoo. Akiumwa tumbo, shikamoo."

Romanus akaokota kalamu taratibu. "Nisamehe, mama. Nafasi amepata. Mlete Jumatatu."

Devota akaingoja furaha, wapi! Uchovu ulikuwa umemjaa hata furaha haina pa kukaa. Akashukuru, akamshika mtoto mkono.

Mlangoni Lidwina akagoma. Akaweka kiganja juu ya ubao wa mlango. "Shikamoo." Akavutwa, hakutoka. "Shikamoo."

Hapo ndipo Devota alipoelewa: siku zote mtoto alikuwa anasubiri kujibiwa.

"Marahaba," akaitikia kwa niaba ya mlango. Lidwina akatoka.

Njia ya Matogoro ina mikaratusi mingi, na Devota, na uchovu wake wote, aliitikia kwa niaba ya kila mmoja ulioamkiwa na Lidwina.