Shavu la Kushoto

Binti yangu, tunayemwita Kidomo kwa sababu hajui kunyamaza, alirudi kutoka shule ametulia kama maji ya mtungini. Nikambana mpaka akasema. Mwalimu alikuwa amewafundisha maana na matumizi ya neno "kutisha", kila mtoto atunge sentensi. Mvulana wa dawati la mbele akasimama akasoma: "Uso wa mama yake Kidomo ni wa kutisha." Darasa zima likavunjika mbavu.

"Kesho siku ya wazazi," akasema, macho chini. "Mama, ujifunike mtandio. Au aje shangazi."

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mtungi wa gesi ulilipuka karakanani ukanila shavu lote la kushoto. Wateja siwafichi, nije niwafiche watoto wa darasa la nne? Lakini aliyeniomba ni mwanangu, na iliniuma hasa. Kwa hiyo kesho yake nikajitanda. Nilifika hivyo mpaka kwenye geti la shule, geti nililolichomelea kwa mikono yangu mwenyewe, nikashikwa na hasira. Nikauvua mtandio nikausokomeza kwenye mkoba. Liwalo na liwe.

Kidomo aliponiona naingia darasani akageukia ukuta. Nikaketi nyuma na wazazi wenzangu. Minong'ono ikaanza, na mwalimu, maskini, akajifanya anafuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Nikasimama.

"Mwalimu, hata mimi nina sentensi. Ule mlipuko ulikuwa wa kutisha. Siku niliyorudi karakanani kuushika moto tena ilikuwa ya kutisha, na niliushika. Huu ni uso wangu tu, haujamkosea mtu. Anayetaka kuutazama autazame mpaka ashibe."

Mzazi mmoja akakohoa. Sikuketi. Wengine wote hawakunihusu, nilikuwa namtazama mwanangu, na moyo unanidunda kuliko siku ya mlipuko. Akiendelea kutazama ukuta, nimwambie nini njiani?

Kidomo akainuka taratibu. Akapita katikati ya madawati, akaja nyuma, akanishika mkono mbele ya wote. Kisha akamgeukia yule mvulana, domo limeshamrudia.

"Umesikia? Haya, futa yako, andika hiyo."